Ninavirudisha, Ntakwinja

Ninavirudisha vyote vitano, na frenki zako ziko ndani ya hicho cha juu.
Siku mbili nimezidisha, usinihesabie:
mvua iliikata njia ya Kadutu,
na mimi nina miguu ya cherehani, sina mabawa.
Uliniomba nisikufiche. Basi sikufichi.

Kile chenye jalada jekundu, bibi harusi amelala
kifuani pa tajiri asiye na shati
(hivi hawa matajiri hawasikii baridi?),
nilikifunga ukurasa wa arobaini.
Anamwambia msichana, "Wewe ni wangu,"
siku ya kwanza, mlangoni,
hata jina la mama yake hajauliza.
Huku kwetu mtu wa hivyo huitiwa majirani.
Na gauni! Gauni la harusi, shanga mia nne,
lashonwa usiku mmoja na shangazi mwenye mafua.
Mwandishi huyu hajawahi kushika sindano.
Mimi Nsimire, vidole vyangu ni mashahidi:
shanga mia nne ni siku sita
na ugomvi mmoja na mteja.

Cha mpelelezi nilikipenda mpaka katikati.
Mvua yake inanyesha kama ya Bukavu, kwa hasira,
na maiti inapatikana ndani ya gunia la makala,
jambo ambalo niliamini papo hapo.
Lakini muuaji ni pacha!
Pacha ambaye hatukuambiwa amezaliwa!
Nilikaa na kitabu mapajani kama mtu aliyeuziwa
sambaza za juzi kwa bei ya leo.
Akitaka kunidanganya, anidanganye,
ila aache uzi unaning'inia mahali
ambapo nikirudi nyuma nitauona.

Cha mzimu, Asifiwe wangu alikisoma mchana akacheka.
Mimi nilikisoma saa sita za usiku, umeme umekwenda.
Asubuhi nikasema nimesahau kuzima taa ya sola.

Cha nne kina machozi mengi kuliko sentensi.
Mama Faida, ninayesoma naye kwa zamu,
aliilowesha sura nzima ya tisa
(karatasi zimevimba, utaona; ni yeye, si paa langu).
Mimi halikunitoka hata chozi moja.
Anasema moyo wangu umepigwa pasi.
Huenda. Pasi ndiyo kazi yangu.

Sasa hiki kidogo, kisicho na jalada.
Fundi redio na mjane. Hakuna anayevua shati.
Anamtengenezea redio, anaacha skrubu moja haijakazwa
ili ikwaruze tena, ili mwenyewe airudishe.
Mjane anaijua hiyo skrubu tangu wiki ya pili.
Bisibisi anayo nyumbani. Haigusi.
Nilikisoma kurasa tatu kwa usiku,
kama anayebakiza nyama chini ya ugali.
Ukurasa wa themanini na nane fundi anauliza,
"Leo umechoka wapi, mgongoni au moyoni?"
Ntakwinja, miaka kumi na tisa nilikaa na mtu mwema,
nikamzika kwa heshima zote,
na swali hilo hakuwahi kuniuliza.
Sikujua kama lipo. Kumbe lipo, na limechapwa.

Kurasa za mwisho zimenyofolewa.
Nilikwenda kwa yule muuza karanga jirani yako,
nikanunua vikaratasi vitano, nikavikunjua:
hesabu za darasa la nne, tangazo la dawa ya kunguni,
nusu ya barua ya mtu anayeomba msamaha.
Zetu hazikuwemo. Karanga tumekula.
Kama wewe unajua walivyoishia, ninyamazie.

Na ile penseli iliyopigwa chini ya swali la fundi,
kama ni wewe, vitabu vya kukodisha havichorwi, unajua.
Kama si wewe, mwambie aliyechora
kwamba mimi sikuifuta.

Wiki ijayo usinipe matajiri.
Nipe muuaji mmoja mwaminifu.
Hicho kidogo nimekishonea jalada
kwa kitenge kilichobaki cha mteja wa Muhumba.
Mama Faida akikiomba,
mwambie kimeshachukuliwa.